Picha za Ubongo Uliovimba

Mashine ya MRI iliposimikwa Blantyre mwaka 2008, Malawi haikuwa na nyingine. Wapo waliouliza mtambo wa bei kubwa namna ile una kazi gani katika hospitali ambayo wodi zake za watoto hufurika kila msimu wa mvua. Swali hilo nimelisikia miaka yote niliyofanya kazi ya kupiga picha, na sijawahi kulikubali. Wengi mno wanaouawa na malaria ya ubongo ni watoto wa Afrika. Ubongo wao ulistahili kutazamwa huku, wangali hai.

Mimi ni mzaliwa wa Mbamba Bay, upande wa Tanzania wa Ziwa Nyasa, na Kinyanja nilikisikia tangu utotoni. Blantyre sikuhitaji mkalimani. Kwetu mtoto aliyeshikwa na degedege alifukizwa kwanza, hospitali ikafuata baadaye. Ndiyo maana mama aliyefika hospitali yetu ya Queen Elizabeth amechelewa sikuweza kumlaumu. Nilijua ametoka kupambana kwa njia alizozijua.

Watoto waliletwa kwangu hawajitambui. Kipimo cha koma tulichotumia kina jina la mji huohuo wa Blantyre, na miongoni mwa waliokibuni ni Malcolm Molyneux na Terrie Taylor: tano ni mtoto mwenye fahamu kamili, mbili kushuka chini ni koma. Kabla ya picha nilimkagua kila mmoja kwa mikono yangu. Hirizi shingoni, pini kwenye nepi, sarafu zilizofungwa kwenye pindo la kitenge alichofunikwa. Sumaku ya mashine haizimwi baada ya kazi, na mtungi wa oksijeni wa chuma ukisogezwa karibu huvutwa kwa nguvu ya kuua. Muuguzi alibaki kando ya mtoto akitazama kifua kinavyopanda na kushuka. Mtoto mwenye afya hutapatapa humo ndani, hata lazima apewe dawa ya usingizi. Hawa walitulia tuli, na picha zikatoka safi. Nilichukia usafi ule.

Mama mmoja aliniuliza, “Adokotala, hii itamponya?”

“Hapana, mayi. Hii inatuonyesha tu.”

Ilituonyesha nini? Tangu zamani ilijulikana kwamba chembe nyekundu za damu zenye vimelea hunasa kwenye vishipa vidogo vya ubongo. Lakini kuona vishipa vilivyoziba kwa mtoto aliyekwisha kufa hakukueleza kwa nini mwenzake wa kitanda cha pili aliamka na kuomba uji. Kwenye skrini yangu tofauti ilionekana. Kwa baadhi yao mifereji iliyo kati ya mikunjo ya ubongo ilikuwa imetoweka, na vyumba vya maji vya katikati vimebanwa vikawa nyuzi. Utosi ukishafunga, fuvu halitanuki tena. Ubongo unaovimba hutafuta njia chini, kwenye tundu la uti wa mgongo, na hapo ndipo penye shina linaloendesha pumzi. Mtoto huacha kupumua ilhali moyo bado unapiga.

Matokeo ya watoto waliopigwa picha kuanzia 2009 hadi 2011 yalichapishwa mwaka 2015. Walikuwa 168, walifariki 25, na kati ya hao 21 walikuwa na uvimbe mkubwa tangu walipolazwa. Wengine huishia hapo wanapoisimulia habari hii. Mimi naona uzito wote uko katika hesabu ya pili: miongoni mwa 143 waliopona, 39 nao walikuwa wamevimba hivyohivyo. Tuliporudia kuwapiga picha walionusurika, uvimbe ulikuwa unashuka. Ubongo uliovimba vile unaweza kurudi, mradi pumzi isikatike kwanza. Artesuneti huua vimelea upesi kuliko kwinini na imeokoa watoto wengi, ila haimpumulii mtoto wakati ubongo wake unasubiri kunywea. Kwa hiyo niliposikia mashine za kupumulia zikiitwa anasa kwa hospitali zetu, nilikasirika, na bado nakasirika.

Baadaye ulianza utafiti mwingine Blantyre: watoto wenye uvimbe mkubwa, baadhi wapumuliwe kwa mashine, baadhi wapewe maji ya chumvi kali kwenye mshipa, baadhi wapate huduma ya kawaida, kisha walinganishwe. Anayestahili kuingia aliamuliwa na picha. Kazi yangu ikageuka. Awali picha zilihifadhiwa zikasomwe kwa utulivu na wataalamu, wakati mwingine mtoto akiwa ameshatoka wodini, au ameshazikwa. Sasa zilitakiwa saa ileile, hata usiku wa manane, na kabla sijamtoa mtoto kwenye kitanda cha mashine daktari alikuwa mlangoni akiniuliza, “Umevimba?”