Bei ya Mafuta ya Taa

Bei ya kitu hupanda kwa sababu nyingi, na si kila bei iliyopanda ni dhuluma. Ukweli huu nilichelewa kuufahamu, maana nilianza kuyafikiri mambo ya bei nikiwa mtoto, na nilianza kwa aibu.

Nilikulia Liuli, katika pwani ya Ziwa Nyasa, bandari ambayo Wajerumani waliiita Sphinxhafen kwa ajili ya jabali lake lililowakumbusha sanamu ya Misri. Chakula cha watu wake ni mihogo na samaki, na usipa huvuliwa usiku kwa taa. Taa za siku zile zilikuwa karabai. Asiyekuwa na mafuta ya taa alilala nyumbani, na mtumbwi wake ukalala mchangani.

Masika ya 1993, nilipokuwa na umri wa miaka 13, mvua iliikata njia ishukayo kutoka milima ya Umatengo. Magari hayakupita, na meli haikutia nanga kwa majuma matatu. Mapipa mawili ya mafuta ya taa yalikuwa katika duka la mjomba wangu, ambaye ndiye aliyenilea. Alikuwa ameyanunua kabla ya mvua, kwa bei ya siku zote. Juma la kwanza aliongeza bei kwa nusu; juma la pili ilifika mara tatu. Mimi ndiye niliyeshika kipimo, nikiwamiminia mafuta watu walioniita mwanangu. Mvuvi mmoja, jirani yetu, aliishiwa na fedha, akaleta mmoja katika nyavu zake mbili uwe rehani. Siku ya kuukomboa ilipita, na wavu ukauzwa. Mwaka uliofuata niliingia shule ya sekondari, na sehemu ya ada yangu ilitoka katika mapipa yale.

Nilipomwuliza mjomba kwa nini bei imepanda na hali mafuta ni yale yale, alinijibu kwa upole, "Mwanangu, sikumlazimisha mtu kununua."

Jibu hilo limenisumbua zaidi ya miaka 30. Wako wataalamu wa uchumi wasemao kwamba bei ya juu wakati wa maafa ina kazi mbili: humfanya mnunuzi atumie kwa kiasi ili na mwenziwe apate, na huwaita wauzaji wa mbali walete bidhaa. Hoja hii siidharau. Mwezi wa Mei 2024, mvua zilizofuatana na kimbunga Hidaya ziliikata barabara ya Dar es Salaam na Lindi huko Somanga, na gari la Masasi likawa halina budi kuzunguka kwa njia ya Songea. Mfanyabiashara aliyezunguka hivyo, kisha akaongeza bei kwa kadiri ya gharama ya safari, hakumdhulumu mtu. Kumwita mlanguzi ni kumwonea.

Wala amri ya serikali peke yake haitoshi. Nchi yetu ilikuwa na Tume ya Bei tangu 1973. Hata hivyo, wazee wetu wanayakumbuka maduka matupu ya mwanzo wa miaka ya 1980, na bidhaa zilizouzwa kwa magendo mlango wa nyuma, mpaka ikatangazwa vita juu ya walanguzi mwaka 1983. Bei ndogo ya kitu kisichokuwapo haimlishi mtu.

Walakini Liuli ya 1993 ilikuwa na hali nyingine. Mwito wa bei ya mjomba haukuwa na wa kuuitika, kwa kuwa njia ilikuwa imekatika na meli haikuja. Bei ile haikuongeza tone moja katika pipa. Na kama nia ilikuwa watu watumie kwa kiasi, kipimo kingeweza kuifanya kazi hiyo: chupa moja kwa kila mtumbwi mpaka njia ifunguke. Bei haikumchagua mwenye haja kubwa. Ilimchagua mwenye fedha, au mwenye wavu wa kuweka. Katika kila fungu tatu za fedha tulizopokea, moja ilikuwa thamani ya mafuta pamoja na faida yake ya halali. Mbili zilikuwa thamani ya njia iliyokatika, na njia ile mjomba hakuikata wala hakuigharimia.

Mjomba alikuwa mtu mwema, na wengi walikula kwake. Tulimzika mwaka 2022. Mwana wa mvuvi yule alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza. Nilitaka kumtajia habari ya wavu wa baba yake, nikashindwa. Tukashikana mikono, akanipa pole.

Kwa hiyo, wanafunzi wanaponiuliza maoni yangu juu ya biashara wakati wa maafa, nawaambia kwamba muuzaji ana haki ya kulipwa gharama yake, hatari yake na jasho lake, lakini msiba wa jirani hauna bei. Nawaambia pia kwamba sisemi kama hakimu, kwani mimi ni mdaiwa, na deni langu sijalilipa.