Mibuni ya Babu na Subira ya Wajukuu

Alhamdulillahi Rabbil Alamin. Sala na salamu zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na sahaba zake.

Ndugu wasomaji, kwa miaka mingi nimekuwa nikiitwa majumbani kugawa mirathi. Hesabu ya mafungu hainitaabishi, kwani Mwenyezi Mungu ameibainisha katika Surat an-Nisaa. Linalonihuzunisha ni kuwa aghalabu warithi huijua bei ya shamba, wasijue ni nani aliyeipanda minazi yake wala hutunzwa vipi. Wino wa mgawanyo haujakauka, dalali yuko mlangoni. Kila nionapo hayo, huwakumbuka wakulima wa kahawa wa Yemen.

Kahawa tunywayo barazani, chungu na yenye tangawizi, imetufikia na jina lake la Kiarabu. Hata buni ni neno lao. Tangu karne ya 15 masufi wa Yemen waliinywa ili wakeshe katika dhikri. Kisha bandari ya Mukha, katika Bahari ya Shamu, ikaieneza duniani hata jina la bandari likawa jina la kahawa yenyewe.

Mibuni hiyo hupandwa milimani, katika nchi kama Haraz na Bani Matar, magharibi ya Sana'a. Mashamba yamekatwa mfano wa ngazi, kila kipande kikishikiliwa na ukuta wa mawe. Ukuta wa juu ukiporomoka, udongo huteremka na kumharibia aliye chini. Kwa hivyo ndugu waliogawana shamba hawawezi kugawana na kazi. Ukuta ni wao wote, na kila kizazi hurithi wajibu wa kuujenga upya.

Mbuni nao hauna haraka. Huchukua miaka mitatu au minne kabla ya kuzaa, na matunda yake hayaivi kwa siku moja. Mchumaji hurudi mtini mara kadhaa, akitwaa yaliyo mekundu na kuyaacha mabichi. Huanikwa juani, mara nyingi juu ya mapaa ya nyumba, na maganda yake hayatupwi: hupikwa kinywaji kiitwacho qishri. Wanunuzi wa kahawa ya daraja ya juu huionja na kuipa alama kati ya 100. Isiyofika 80 haihesabiwi katika daraja hiyo. Mjukuu akichuma mbichi kwa pupa, hupoteza jasho la babu yake. Mstahimilivu hula mbivu.

Adui wa subira hiyo ni mmea tuujuao sana hapa pwani: miraa. Huchumwa zaidi ya mara moja kwa mwaka, pesa zake ni za papo kwa papo, nao hunywa maji mengi katika nchi yenye uhaba wa maji. Familia nyingi za Yemen ziling'oa mibuni zikapanda miraa. Simlaumu baba mwenye watoto wenye njaa, hasa katika miaka hii ya vita. Lakini wapo waliorudi. Huko Haraz, jamaa wa madhehebu ya Bohora, ambao ndugu zao tunaishi nao Mombasa, wamewahimiza wakulima kung'oa miraa na kupanda mibuni tena. Mche hupatikana kwa pesa. Kujua tunda la kuchumwa leo na la kuachwa hadi wiki ijayo, hayo mtoto huyapata kwa kuandamana na mzee wake shambani.

Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa Muislamu akipanda mti, kisha akala humo mtu, mnyama au ndege, huwa ni sadaka kwake. Basi aliyepanda asiwaache wanawe wageni wa mti huo. Watoto wakifunga shule, wapelekeni shambani. Waonyesheni mipaka, waambieni nani alipanda mwembe upi. Andikeni, kwani mali bila daftari hupotea bila habari. Anayeweza kuweka wakfu na aweke angali hai. Na warithi, baada ya kila mmoja kujua fungu lake, hawakukatazwa kushirikiana na kulilima pamoja.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuache nyuma yetu miti inayozaa na watoto wanaojua kuitunza. Amin.