Kimya Nacho Ni Ujumbe

Niwieni radhi kwa kupotea. Nilikuwa nyumbani Kathonzweni, na niliyojifunza huko nimeona nisikae nayo peke yangu.

Mama ana tangi la lita 10,000 kwenye mwinuko juu ya shamba. Maji yanatoka kisima cha kando ya mto wa mchanga, yanasukumwa na pampu ya petroli hadi tangini, kisha yanateremka yenyewe kwa mirija ya matone hadi kwenye miche yake ya maembe. Kila asubuhi alipanda ngazi kuchungulia maji yamebaki kiasi gani. Amepita miaka 60 na magoti yanamsumbua. Nami, mwanawe mwenye shahada ya sayansi ya kompyuta, niko Nairobi natengeneza programu za watu wengine. Niliona haya.

Wazo la kwanza lilikuwa SMS. Majirani zetu wa Kitui wana mfano mzuri. Mwanzoni mwa miaka ya 2010, watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walifunga vifaa kwenye mikono ya pampu za maji huko Kyuso. Kifaa kilihisi mkono ukipanda na kushuka, kikatuma habari kwa SMS. Pampu zilizokuwa zikikaa karibu siku 27 bila kutengenezwa zikawa zinatengenezwa kwa chini ya siku 3. Lakini moduli ya GSM inataka muda wa maongezi, na inapotuma inaweza kuvuta hadi ampea 2. Umbali wangu ni mita 150 tu, kutoka tangini hadi jikoni.

Basi nikaenda Luthuli Avenue nikanunua redio ya masikini: kipitishi na kipokezi cha 433 MHz, jozi moja kwa shilingi 250. Haya ni masafa yanayotumiwa na rimoti nyingi za mageti. Juu ya tangi niliweka Arduino ndogo na kihisi cha mawimbi ya sauti kisichoingia maji. Kihisi kinapiga sauti, kinangoja mwangwi. Maji yakiwa mita 1 chini yake, mwangwi unarudi baada ya milisekunde 6 hivi. Jikoni niliweka Arduino ya pili na taa tatu: kijani, njano na nyekundu.

Siku ya kwanza ujumbe haukufika hata nusu ya njia. Kama nawe umekwama hapo, angalia mambo mawili. La kwanza ni antena. Wimbi la 433.92 MHz lina urefu wa sentimita 69 hivi, na robo yake ni sentimita 17.3. Kata waya wa urefu huo, ulehemu mmoja kwenye kipitishi na mwingine kwenye kipokezi. La pili ni umeme. Kipitishi hiki kinakubali hadi volti 12, nami nilikuwa nakipa 5. Nilipokiunganisha moja kwa moja na betri ya volti 12, ujumbe ulipenya miembe yote.

Jambo jingine: kipokezi hiki hakinyamazi. Kisipopata ujumbe kinatoa kelele tupu, kwa hiyo usisome data yake mbichi. Nilitumia maktaba ya RadioHead, ambayo hukagua kila ujumbe na kuutupa ulioharibika.

Taa ya kijani ikawaka. Mama akafurahi, nami nikarudi Nairobi kifua mbele.

Mwezi wa Agosti, wakati wa kiangazi, waya wa betri kule juu ulilegea. Kipitishi kikafa. Na programu yangu jikoni ilifanya nini? Iliendelea kuonyesha kipimo cha mwisho ilichopokea: kijani. Mama aliona kijani siku nne mfululizo, hakuwasha pampu, hakupanda ngazi. Tangi likakauka. Miche 40 aliyokuwa akingoja kuiuza mvua za Novemba zikianza, 27 ikafa.

Nilipopiga simu kuomba msamaha hakunigombeza. Alisema, "Mwanangu, zamani nilikuwa sijui, kwa hiyo nilipanda kuangalia. Kifaa chako kimenifanya nidhani najua."

Sentensi hiyo sikuipata darasani miaka minne. Redio haikuwa na kosa. Redio ya shilingi 250 itapoteza ujumbe, na betri itakufa, hayo yanajulikana. Kosa lilikuwa langu, kuandika programu inayosikiliza maneno tu bila kusikiliza kimya. Dawa yake ilikuwa mstari mmoja:

if (millis() - mwisho > 180000UL) onyoKimya();

Tangi linatuma kila sekunde 30. Zikipita dakika 3 bila ujumbe, kijani inazimika na nyekundu inakonyeza. Maana yake si kwamba maji yamekwisha. Maana yake ni "sijui, nenda kaangalie." Mama ameipenda kuliko kijani. Imeshakonyeza mara mbili, na mara zote mbili alimtuma mpwa wangu apande ngazi.

Kwa hiyo wewe unayejenga kifaa kama hiki, cha kuku, cha geti au cha bustani, kabla hujakifunga kabisa chomoa betri ya upande wa kutuma, kisha kaa utazame upande wa kupokea unasema nini. Ukiona bado unatabasamu, kazi haijaisha.

Mchoro wa waya nitauweka wiki ijayo, umeme wa huku ukiniruhusu.