Mwanza ni mji wa mikindu, si wa minazi

Mtoto aliyekulia Dar es Salaam au Tanga akifika Mwanza hukosa kitu kimoja ufukweni: minazi. Ziwa Victoria liko takribani mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na mnazi unataka joto la pwani. Nazi zinazokunwa majumbani Kirumba na Nyakato zimekuja kwa lori.

Ndugu zake mnazi wapo, ila kila mmoja ana kwao. Mvumo, wenye shina lililovimba katikati, ni wa nyanda kama za Rufiji. Mwale wenye majani marefu kupita kiasi hutaka kinamasi, mfano msitu wa Ngezi kule Pemba. Mchikichi ni wa Kigoma, na mawese yake yanafaa jikoni kwa familia yenye watoto, kwa sababu wekundu ule una viini ambavyo mwili hugeuza kuwa vitamini A. Akina mama wanaoyachemsha hadi yawe meupe huunguza hicho hicho walichokilipia.

Kando ya ziwa mwenye mji ni mkindu. Huota kichaka, mashina mengi pamoja yaliyoinama huku na huku, miguu ikiwa karibu na maji. Umejaa kisiwani Rubondo, hifadhi ya taifa tangu 1977, na anayevuka kwenda Serengeti ataukuta tena ukingoni mwa mto Seronera. Majani yake machanga husukwa ukili wa mikeka na vikapu. Tunda lake, kindu, ni dogo na nyama yake ni haba, lakini watoto na nyani hawajali.

Hapo kwenye kindu ndipo mzazi awe macho. Vijani vya chini kwenye kikonyo vimegeuka miiba mirefu, migumu. Ncha ikivunjikia gotini, ngozi hufunga na mtoto husahau. Baada ya wiki kadhaa goti linavimba, na nyumbani wanasema ameumia mpirani. Daktari aambiwe habari za mwiba hata kama ni wa mwezi uliopita, kwani eksirei mara nyingi haionyeshi mwiba wa mti. Altrasaundi husaidia zaidi. Kuchokonoa kwa sindano nyumbani si tiba, na chanjo ya pepopunda iwe imekamilika.

Tena, maji yaliyotulia yenye majani, kama yale yaliyo chini ya mikindu mingi, ndiyo makazi ya konokono wa kichocho. Kimelea hupenya ngozi mtoto akiwa amesimama tu majini akiokota kindu. Dawa ya kichocho inayotolewa shuleni huua minyoo iliyomo mwilini, haimkingi mtoto atakaporudi majini kesho yake.

Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Bado vichaka hufyekwa kupisha bustani za mboga na vibanda, na msuka mikeka hulazimika kutafuta ukili mbali zaidi. Kupanda upya kunawezekana, lakini mikindu ina dume na jike katika miti tofauti, na mche haujulikani ni upi mpaka utoe maua. Shule inayotaka kindu ipande miche kadhaa, mbali na njia wanazokimbilia watoto.