Majina Nyuma ya Picha

Anayeshuka Posta leo na kutembea hadi Mnazi Mmoja hupita katikati ya maghorofa ambayo mengi hayajafikisha hata miaka thelathini. Hakuna kibao kinachomwambia kilichokuwepo pale kabla. Duka limevunjwa, mabati yamezungushwa, msingi umechimbwa, na baada ya miaka miwili hata muuza kahawa wa pembeni hakumbuki vizuri mlango ulikuwa upande gani. Sisi tunaoandika haya ni waumini watano wa usharika mmoja wa jijini Dar es Salaam. Kwa miaka mitatu sasa tumekuwa tukikutana Jumamosi jioni, kwaya ikishamaliza mazoezi, kutazama picha za kale za mji huu na kutafuta kilichosimama mahali fulani kabla ya hiki kilichopo. Hatuna taaluma ya historia. Mmoja wetu ni mwalimu mstaafu, mmoja ni dereva wa daladala, wawili ni vijana wanaoijua intaneti kuliko sisi wengine, na wa tano ni mama mshonaji, ambaye ndiye aliyetuvuta sote katika kazi hii.

Picha za enzi za Wajerumani nyingi zimehifadhiwa hukohuko Ujerumani, na siku hizi mtu anaweza kuzitazama kwa simu yake. Chuo Kikuu cha Frankfurt kina makumi ya maelfu ya picha za makoloni. Hifadhi ya Taifa ya nchi hiyo ina picha za Walther Dobbertin, aliyeishi Dar es Salaam na kuipiga picha hadi ndani ya Vita ya Kwanza ya Dunia. Picha za baadaye tulizipata karibu zaidi: katika maboksi ya viatu, chini ya vitanda vya bibi zetu, kwenye albamu za arusi ambamo bwana na bibi harusi wamesimama mbele ya duka lisilokuwepo tena.

Tukipata picha, kwanza tunatafuta mnara. Kanisa la Azania Front na Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu yalijengwa mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, na yote mawili bado yapo pale ufukweni. Mnara wa moja ukionekana juu ya mapaa, tunajua mpiga picha alikuwa anatazama wapi. Kisha tunasoma vibao. Kikiandikwa "Acacia Avenue", tunajua nchi ilikuwa bado haijapata Uhuru. Kikiandikwa "Independence Avenue", ni baada ya 1961. Barabara hiyohiyo leo ni Samora. Vivuli hutuambia kama ilikuwa asubuhi au jioni. Hapo ndipo dereva wetu anapotushinda wote, maana yeye huujua mji kwa kona zake. Mara mbili amekataa jibu la Mwalimu kwa kusema, "Kona hii haipindi hivyo," na mara zote mbili alikuwa sahihi.

Kwa njia hiyo tumeiona hoteli ya Kijerumani ya Kaiserhof, ambayo Waingereza waliigeuza kuwa New Africa, ikavunjwa, na mahali pake ikasimama nyingine yenye jina lilelile. Tumeyaona majumba ya sinema, Empire, Odeon, Avalon, na watu wamepanga foleni wakiwa wamevaa vizuri kuliko sisi tunavyovaa Jumapili. Tumeiona sinema ya magari ya Msasani iliyofunguliwa 1966, ambapo familia zilikwenda na mikeka na vyakula vyao. Leo uwanja huo ni Ubalozi wa Marekani, na hakuna anayesimamisha gari pale. Tumeyaona maduka ya Uhindini ambayo juu ya mlango, kwenye plasta, mwenye nyumba aliandika jina la ukoo na mwaka aliojenga. Mengi ya majumba hayo yalitaifishwa 1971, sheria ilipochukua majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 na kuyaweka chini ya Msajili wa Majumba. Wenyewe wengi walihama nchi. Plasta ilibaki na majina yao kwa muda, halafu tingatinga likaja.

Wapo wanaotuambia, wakitazama mkusanyiko wetu, kwamba mji wa zamani ulikuwa mzuri. Ulikuwa mzuri, ndiyo, kwa baadhi. Mji ule uligawanywa: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Katika picha nyingi za Wajerumani babu zetu wamo, lakini wamo wakiwa wamebeba kitu. Maelezo chini ya picha hutaja jina la jengo, pengine hata la meli iliyopo bandarini, kisha husema "wenyeji". Kariakoo yenyewe imepata jina lake kutokana na kambi ya wapagazi wa jeshi la Uingereza katika Vita ya Kwanza. Walikufa maelfu kwa maelfu, na wengi hawakuandikwa popote. Sanamu ya Askari iliwekwa 1927 kuwakumbuka wao pamoja na askari, lakini usitegemee kusoma pale jina la mpagazi hata mmoja. Soko lililojengwa na Wajerumani pale Kariakoo liliondolewa, likajengwa jingine katika miaka ya 1970 kwa mchoro wa Beda Amuli, na hilo nalo liliungua Julai 2021. Jina la kambi limeyapita majengo yote. Majina ya waliolala kambini hayakupita.

Jambo hili lilitusumbua mpaka Mwalimu akatusomesha Nehemia, sura ya tatu. Ni sura isiyosomwa sana madhabahuni, nasi hatukumbuki kuisikia ikihubiriwa. Ni orodha tu. Ukuta wa Yerusalemu unajengwa upya, na mwandishi anataja kila kipande na aliyekijenga: huyu mfua dhahabu, huyu mtengeneza manukato, hawa wafanyabiashara, huyu pamoja na binti zake, huyu mbele ya nyumba yake mwenyewe. Anawataja hata wakuu waliokataa kuinamisha shingo wafanye kazi. Ukuta ule wa Nehemia ulikwisha kuharibiwa zamani sana. Orodha ipo. Tukaona tumekuwa tukifanya kazi kinyume, tunahesabu madirisha ya majengo na kumruka mtu aliyekaa chini ya dirisha. Tangu jioni ile tukaongeza swali la pili kwa kila picha: ni nani huyu?

Swali hilo mama mshonaji alikuwa nalo tangu mwanzo, ila hakulisema mbele yetu. Baba yake alikuwa fundi cherehani barazani mwa duka moja la vitambaa Uhindini. Alifariki mama akiwa na miaka minne. Hakuna picha yake hata moja; ile ya kitambulisho ilipotea katika kuhama nyumba. Mama anajua jina la duka kwa sababu marehemu bibi alilitaja kila alipokunja kitambaa fulani cha rangi ya maziwa. Yeye mwenyewe alijifunza kushona ukubwani, na anasema hajui kama mikono yake inafanana na ya mtu yeyote.

Mwaka jana kijana wetu mmoja aliipata. Picha nyeusi na nyeupe, jina la duka likisomeka vizuri juu, na barazani mafundi watatu wameinamia cherehani. Wawili nyuso zinaonekana. Wa tatu anaonekana kichwa na bega. Tulikaa kimya. Mama aliitazama kwa kioo cha kukuzia muda mrefu, kisha akaiweka mezani, hakusema neno. Vijana walikuwa tayari kuandika jina la baba yake nyuma ya nakala, penye yule wa tatu. Mwalimu akakataa. Alisema tukiandika tusichokijua, tutakuwa tumemnyang'anya mtu mwingine baba yake. Palikuwa na maneno makali kidogo, hata dereva alitoka nje. Mama ndiye aliyemaliza: "Mwalimu amesema kweli. Mimi sikuja kuokota baba yeyote."

Ilichukua miezi mitano. Tuliuliza misikitini na makanisani, kwa mafundi wa Mtaa wa Kongo, kwa wauza vifungo, hadi tukaelekezwa Temeke kwa mzee aliyeacha kushona kwa sababu ya macho. Tulimkuta ukumbini amevaa kofia yake ya kufuma kwa mkono. Tulimwamkia, tukala tende alizotukaribisha, ndipo tukamwonyesha picha tuliyoikuza kwenye karatasi kubwa. Aliisogeza hadi karibu igusane na uso. Wa kwanza alimtaja papo hapo, akacheka. Wa pili alimtaja, akamwombea rehema. Kwa yule wa tatu alitikisa kichwa. Alikuja na kuondoka, alisema, kijana wa msimu.

Mama akamtajia jina la baba yake.

Mzee alinyamaza. Kisha akaweka kidole mezani, nje ya karatasi, upande wa kushoto, kama shubiri moja kutoka ukingoni. "Huyu alikaa hapa," akasema. "Penye nguzo. Alipenda penye nguzo kwa ajili ya kivuli." Mpiga picha hakufika hapo. Mama aliutazama mbao wa meza alipoonyeshwa, nasi tukautazama pamoja naye, na tunaweza kusema kwa haki kwamba hatujawahi kutazama picha yoyote kwa makini kama tulivyotazama mahali pale patupu. Wengi wetu tulijifunza tangu kipaimara kwamba imani ni kuwa na hakika ya yasiyoonekana. Hatukutegemea yasiyoonekana yawe karibu hivyo, shubiri moja.

"Alishona nini?" mama akauliza.

"Sare za shule. Na kanzu zetu za Idi alizimalizia yeye, maana mkono wake ulikuwa mwepesi kwenye kola." Akaendelea, bila kuulizwa, kwamba wao wengine walikuwa Waislamu na yeye peke yake Mkristo. Ijumaa mchana walipokwenda msikitini, yeye alibaki barazani kulinda cherehani zote nne, na mteja akifika alimpokea kwa niaba yao na kuandika vipimo kwenye daftari la kila mmoja, asichukue hata kazi moja iliyokuwa yao.

Duka lile limevunjwa. Mahali pake sasa pana jengo refu ambalo mlinzi wake hakuturuhusu kusimama mlangoni na karatasi yetu, tukavuka barabara. Nyuma ya nakala tumeandika kwa penseli majina mawili, na pembeni, penye nguzo isiyoonekana, jina la baba yake mama. La kijana wa msimu tumeliachia nafasi. Mzee wa Temeke anasema Mbagala yuko mjane wa fundi mwingine ambaye huenda anamkumbuka, nasi tumepanga kwenda baada ya Pasaka.