Shule ya serikali, uongozi wa kampuni

Wadau, niko Dubai. Mwaka 2022 serikali ya huku ilianzisha Shule za Ajyal, kwa kuanzia shule 10. Watoto wa wenyeji wanasoma bure, lakini uendeshaji wamepewa makampuni, mojawapo Taaleem. Kiarabu na dini vimebaki kwa Wizara ya Elimu. Novemba mwaka huohuo Taaleem ikaingiza hisa zake sokoni Dubai. Yaani mtoto hana ada, mwenye hisa anangoja gawio!

Poa, huku pesa ya kulipa kampuni ipo. Liberia nao walijaribu mwaka 2016, shule 93. Bridge ikaweka kikomo cha wanafunzi kwa darasa, waliozidi wakaambiwa watafute kwingine. Jamani, nikiwaza shule zetu za Mbagala zilivyofurika, waliozidi pale wataenda wapi?