Macho ya Fundi ni Amana



Ziko nyumba nyingi katika Pwani yetu ambazo riziki yake hutoka kwenye kerezo. Miguu ya vitanda vya harusi, nguzo za viti na bakuli za mbao hupita hapo, na mara nyingi mama wa nyumba ndiye aliyetoa akiba yake ili mwanawe anunue mashine. Kwa hivyo wasishangae wasomaji wetu kuona leo tunazungumza habari za taa ya karakana. Ni habari ya vidole na macho ya watoto wetu.

Mama mmoja wa mtaani alitujia kutuomba dua. Mwanawe hukereza baada ya Isha, hasa miezi ya harusi, na macho yalikuwa yakimuuma. Usiku mmoja alinyoosha mkono kuushika mguu wa kitanda, akiuona umesimama, kumbe mashine ingali inazunguka. Kelele za randa ya jirani zilikuwa zimeizidi sauti ya mota. Ukucha ukang'oka. Mama akadhani ni kijicho cha mahasidi.

Dua tuliisoma, wala hatukanushi kijicho. Lakini kutawakali hakumwondolei mja wajibu wa kutafuta sababu. Tulifuatana na mama huyo pamoja na nduguye wa kiume hadi karakanani, tukainua macho juu. Palikuwa na taa moja tu: tyubu ndefu ya zamani, ile yenye choki, iliyotundikwa darini nyuma ya mgongo wa fundi. Taa hiyo ilikuwa na ila mbili.

Ila ya kwanza ni kupepesa. Umeme wetu wa Kenya huenda kwa mizunguko 50 kwa sekunde, na tyubu ya namna hiyo hung'aa na kufifia mara 100 katika sekunde hiyo hiyo. Jicho halitambui. Sasa chukueni mti ambao bado una pembe nne, uzungushwe mara 1,500 kwa dakika. Hizo ni mara 25 kwa sekunde, na kila mzunguko hupitisha pembe nne. Jumla ni pembe 100. Kila taa ing'aapo, pembe moja imeshika mahali pa mwenzake, na jicho huuona mti umetulia tuli. Hapo hapana jini wala hasidi, pana hesabu.

Ila ya pili ni kivuli. Tulipokuwa chuoni, mwalimu wetu hakuturuhusu kuandika ubao huku kandili iko nyuma yetu. Alituketisha mwanga utoke kushoto, ili kivuli cha mkono kisiifunike herufi. Fundi naye, taa ikiwa mgongoni, hukata ndani ya kivuli chake mwenyewe, na huinama zaidi kila usiku unavyosonga.

Dawa yake ni taa mbili. Moja ikae darini iangaze chumba kizima, na ya pili iwe ya mkono unaokunjika, karibu na kazi. Zote ziwe za LED nzuri, ambazo hazipepesi wala hazitoi joto kali kama balbu za zamani, jambo kubwa mahali penye maranda makavu. Lakini si kila LED ni njema. Iwasheni dukani kabla ya kulipa, muitazame kwa kamera ya simu. Mkiona mistari myeusi ikipita kwenye kioo, iacheni. Rangi ya mwanga iwe nyeupe ya kawaida, baina ya kelvini 4,000 na 5,000.

Taa ya mkono ifungwe kwa skurubu ukutani, upande wa pili wa kerezo, ikimwelekea fundi. Isifungwe juu ya mashine yenyewe, kwani mtikisiko huilegeza. Iwe na kofia, ili balbu isimpige machoni. Iteremshwe mpaka mwanga uupapase mti kwa ubavu. Hapo kila mkwaruzo wa msasa hutoa kivuli chake na kujifichua, ilhali mwanga wa juu kwa juu huuficha. Akichimba bakuli, auvute mkono wa taa upande wa kulia na kuumulika ndani ya tumbo la bakuli. Taa isikae sawasawa na mti unaozunguka, bali pembeni kidogo, maana mti ukipasuka vipande huruka. Waya ubanwe ukutani, usining'inie. Tena mwanga mzuri haumwondolei fundi miwani ya kinga, wala haumhalalishii kusimama hapo na mikono ya kanzu iliyolegea. Kina dada wapelekao chai karakanani, wakusanye mitandio na buibui zao, au wasubiri mlangoni.

Mtume wetu Muhammad (s.a.w.) alipotaka mimbari, alipeleka ujumbe kwa mwanamke aliyekuwa na kijana seremala, ikatengenezwa ya vidato vitatu. Tangu zama hizo, nyuma ya kazi ya fundi huwapo mwanamke mwenye neno lake. Basi kina mama, mnapotoa fedha ya chama kununua kerezo, ulizeni: mwanga utatoka wapi? Tengeni fungu la taa kabla ya fungu la rangi ya duka. Wanavyuoni wetu wamehesabu kuhifadhi nafsi miongoni mwa makusudio makubwa ya sharia, na mkono wa kijana ni sehemu ya nafsi hiyo. Kitanda kikiharibika hukerezwa kingine. Jicho halikerezwi.

Wabillahi tawfiq.